Cheni Huangaliwa kwa Nyuma

Wangari, Maitu wangu,

Uko hapo nje kwenye ploti, umepindua baiskeli yako ya mlima karibu na kamba ya nguo, na mimi niko ndani mezani. Dirisha liko wazi na nasikia kila kitu. Nasikia ukizungusha pedeli kwa mkono, nasikia gia zikipanda moja moja, halafu zinafika kwenye meno ya ile sproketi kubwa ya mwisho: krrr, krrr, tak. Hiyo tak ndiyo inanimaliza. Mama yako anasukuma chapati huku ananitupia jicho, kwa sababu anajua mkono wangu unawasha. Asubuhi uliniambia mbele yake, "Baba, leo hiyo baiske usiguse. Hata nati moja. Promise?" Nikaahidi kama mjinga. Basi nimechukua kalamu, maana mkono ulioshika kalamu hauwezi kushika spana.

Kesho alfajiri unaenda Nanyuki. Wamekuita kwenye kambi ya waendesha baiskeli za mlima, na wamesema wazi kwamba ni majaribio. Huko hakuna fundi wa kukubembeleza. Kila mtu anatengeneza baiskeli yake, na yule ambaye cheni imemwacha porini anangoja lori linalofuata nyuma. Wakikuokota na lori mara ya kwanza wanakusamehe. Mara ya pili wanakuonyesha barabara ya kurudi kwenu. Miguu unayo, hata wale usiopatana nao wanajua. Kitakachoamua kama utabaki kwenye timu ni hiyo kazi unayofanya hapo nje sasa hivi, na hiyo kazi tangu uanze kuendesha nimekuwa nikikufanyia mimi. Ndiyo maana nahangaika hapa kitini.

Mambo ya sweta, ya dawa ya kifua, ya kuanika soksi na kupiga simu Jumapili sitayagusa. Mama yako ameyasema tangu wiki iliyopita na atayasema tena kesho ukiwa mguu nje. Hii barua nitaiweka kwenye mfuko wa juu wa begi lako, uikute ukishafika. Nataka kukuambia pale mimi nilipokosea, kwa sababu hapo hakuna mwingine anayepajua vizuri kuliko mimi.

Unajua kwa nini nakuita Maitu. Una jina la mama yangu, na kwetu mtoto aliyepewa jina la mama yako ni mama yako, hata akiwa bado ananyonya. Watu wakinisikia hapa mtaani Landless nikiita msichana mdogo mama wanacheka. Wacheke, shauri yao. Lakini hiyo heshima iliniharibu kichwa. Mama yangu alichuma kahawa ya watu mpaka vidole vikapinda, na hata siku ya Krismasi kucha zake zilikuwa nyeusi. Ulipozaliwa nikaapa kwamba Wangari huyu wa pili hatachafua mikono. Na kweli, mtu anampaje mama yake spana? Mama anawekewa kiti, analetewa chai.

Kwa hivyo ulipokuwa mdogo ukishika spana, nakunyang'anya na kukupa ndizi. Ulipokua ukaanza kuuliza maswali, ile nati ni ya nini, ile skrubu ndogo inafanya nini, nakuambia, "Wewe endesha tu, hayo niachie." Nilidhani nakupenda. Nilikuwa nakupenda, lakini nilikuwa nakufunga mikono. Mtu akikufunga mikono kwa upendo bado huwezi kushika kitu, na mimi sikuliona hilo mpaka ulipoumia.

Ile fremu yako tuliitoa Ruiru, kwa wale wanaouza baiskeli za mitumba. Unakumbuka ulivyoibeba begani ukikataa nikusaidie? Fremu ilikuwa safi, lakini ekseli inayobeba pedeli ilikuwa imelika. Nikaingiza mkono kwenye debe langu la vyuma, nikapapasa, nikatoa ekseli nyingine. Iliingia. Na sisi mafundi wa huku tuna dini yetu moja: ikiingia, imeingia. Kwamba ilikuwa ndefu kuliko ile ya kwanza, niliona. Sikuwa kipofu. Nikajiambia, ndefu ni nguvu.

Kumbe ule urefu ulisukuma sproketi ya mbele ikakaa nje, mbali na fremu. Cheni ikawa inatoka mbele ikielekea nyuma mshazari, kama mtu anayevuta mbuzi asiyetaka kwenda sokoni. Ukiwa kwenye barabara tambarare, kwenye zile sproketi ndogo za nje, haikuonekana shida. Lakini ukianza kupanda kilima unahitaji ile kubwa iliyo karibu na spoku, na hapo cheni ilivutwa upande mpaka ikawa inaruka. Ulikuja ukaniambia, "Baba, inaruka." Nikakuambia nitaitengeneza.

Nikaitengeneza vile fundi yeyote wa hapa angefanya. Nikaipindua, nikasimama kando, nikaanza kulaumu nyuma. Nikakaza zile skrubu mbili ndogo za kuiwekea cheni mipaka, nikazilegeza. Nikakata cheni, nikaiunga. Mwisho nikachukua koleo, nikakunja lile sikio dogo la fremu linaloshikilia mkono wa gia unaohamisha cheni, nikalilazimisha liingie ndani ili lisukume cheni kwa nguvu kwenye ile sproketi kubwa. Ikakubali! Nikampigia jirani kelele aje aone. Nikajisifu mpaka mama yako akaniambia ninywe maji.

Siku ya mbio kule Ruiru, kwenye mashamba ya kahawa, ulikuwa wa tatu. Nilikuwa nimesimama juu ya kilima nikipiga mluzi. Nikakuona ukiingia kwenye ule mpando wa udongo mwekundu, nikaona mkono wako ukibadilisha gia, na cheni haikusimama pale inapotakiwa kusimama. Ilipita, ikaingia kati ya sproketi na spoku, gurudumu likakwama palepale na wewe ukaruka mbele ukaangukia bega. Nilishuka mbio nikikanyaga miche ya watu. Nikakukuta umeshika bega, mdomo umejaa udongo, na neno la kwanza lililonitoka halikuwa pole.

"Nilikuambia usibadilishe gia kama mtu anapasua kuni!"

Ukatema udongo ukasema, "Baba, si mimi."

"Ni nani basi? Kahawa?"

Hayo maneno niliyasema mbele ya watu, Maitu. Mfupa wa bega umevunjika na mimi natafuta wa kulaumu. Halafu nikaongeza lile la kijinga zaidi tukiwa hospitali, kwamba hizi mbio si za watu kama sisi, upone ukae na mimi kwenye kibanda changu cha baiskeli ukiuza tyubu. Wiki nzima hukuniambia kitu. Tukikaa meza moja unamwambia mama yako, "Mum, ambia Baba chai iko tayari," na Baba mwenyewe goti lake linagusa lako chini ya meza.

Lakini hukulia ukaacha. Hapo ndipo nilipoanza kukuogopa kidogo, kwa uzuri. Mkono mmoja ukiwa umefungwa kitambaa shingoni, ukaitoa ile baiskeli stoo, ukatandika gunia chini nyuma ya gurudumu, ukalala hapo kwa tumbo kama mtu anayechungulia panya. Mimi nikapita, nikaguna. Ukaniita, neno la kwanza tangu hospitali.

"Baba, kuja uone. Hii chain inaenda side."

"Wewe unajua nini?"

"Sijui kitu. Lala hapa, uone."

Mzee mzima kulala chini kwenye ploti, majirani wakichungulia! Nilitaka kukataa. Lakini sauti yako haikuwa ya kuomba, ilikuwa sauti ya mama yangu akiniambia nioge. Nikalala. Nikafunga jicho moja. Atiriri! Cheni ilikuwa imetoka mbele inaenda zake upande, hata mtoto wa nasari angeona. Miaka yote hiyo nimekuwa nikiangalia cheni kutoka kando, kwa sababu kando ndiko mikono inakofanyia kazi, na ukiangalia kutoka kando kila cheni imenyooka. Hakuna fundi hata mmoja niliyewahi kumwona akienda nyuma ya gurudumu kuinama. Nikainuka nikapangusa magoti, nikamwomba mama yako uzi.

Tuliuvuta ule uzi pamoja, wewe nyuma na mimi mbele, kutoka kwenye sproketi ya mbele kwenda nyuma, bila kuukunja. Uzi ulitakiwa kuangukia katikati ya sproketi za nyuma, ili cheni iende kidogo upande huu na kidogo upande ule na isichoke. Uliangukia pembeni kabisa, kwenye ile ndogo kuliko zote. Shida ilikuwa mbele siku zote. Mimi nilikuwa nimepinda nyuma ya baiskeli yako ili ikubaliane na kosa nililoliweka mbele, na nilipoipinda ya kutosha ikakutupa.

Jioni ile nilileta nyama, nikakuchagulia mbavu, nikakusukumia sahani nikasema, "Kula." Ulijua ni pole. Kwetu wanaume hiyo ndiyo pole, na mama yako akanisaidia kwa kutabasamu. Lakini nyama imeliwa ikaisha na neno lenyewe hujawahi kulisikia mdomoni mwangu. Nalisema sasa. Pole, Wangari. Hukuwa unapasua kuni. Uliendesha vizuri na baba yako ndiye aliyekuangusha, na nikawa na mdomo wa kukugombeza ukiwa bado chini.

Subiri. Gia zimesimama hapo nje.

Umeanza tena. Krrr, krrr, tak. Na sasa umetukana. Nimelisikia hilo tusi, mama yako pia amelisikia, amejifanya anakohoa.

Acha nikuambie kilichotokea dakika hii. Nilisimama. Nilifika mlangoni, na spana sijui iliingiaje mkononi, haki ya Mungu sikumbuki kuichukua. Mama yako hakugeuka hata kutoka kwenye jiko. Alisema tu, "Baba Wangari, kaa." Nikasema naenda kupunga hewa. Akasema, "Hewa iko hata hapo kwa kiti." Nikarudi. Spana ameichukua, ameiweka chini ya mfuko wa unga.

Kinachoniuma ni kwamba shida naijua. Naijua kwa sauti. Wewe umefunga ile pedeli mpya yenye sproketi moja mbele, ile ya zawadi uliyoshinda mwaka huu, na zile washa, pete nyembamba zinazokaa kati ya fremu na beringi umeziweka zote upande wa cheni. Moja inatakiwa kuhamia ng'ambo, upande wa mguu wa kushoto. Ukiihamisha, sproketi itaingia ndani kiasi cha unene wa njiti ya kibiriti, na hiyo tak itakufa. Ni hilo tu! Ningepiga kelele dirishani neno moja, sasa hivi, na ungemaliza, ukaja ukala chapati zikiwa moto.

Halafu ukifika Nanyuki, jiwe likigonga mkono wa gia, utangoja dirisha lipi?

Wahenga walisema mchelea mwana kulia hulia yeye. Nilikuwa nikifikiri ni maneno ya kuhalalisha kiboko. Nimeyaelewa leo nikiwa nimekaa kwenye kiti hiki. Mtoto mwenyewe analia krrr na tak, baba analia kimya, na bado baba anatakiwa akae.

Maitu, sina mawaidha mengi. Wewe unanijua, nikianza mawaidha naishia kugombana. Lakini nimefikiria sana ile siku ya uzi, na kuna kitu kimoja nimekitoa pale. Mimi sikukosa ujuzi. Mikono yangu ni mizuri, hata wewe unasema. Nilichokosa ni kukubali kwamba kazi niliyoifanya mwanzo kabisa, na kuifanya kwa furaha, ndiyo ilikuwa mbovu. Ilikuwa rahisi kukata cheni, kukunja sikio, kulaumu miguu ya mtoto, kuliko kurudi mbele nikasema ile ekseli niliiweka mimi. Nimekuwa hivyo hata kwa mambo mengine. Nilipofutwa kazi kiwandani nilikasirikia kila mtu hapa nyumbani, mpaka paka. Mama yako alipopata kazi ya usiku nikamkasirikia yeye, na yeye ndiye alikuwa akitulisha. Kila mara nilikuwa nimesimama kando, naona imenyooka.

Kule unakoenda watakuwepo watu wa kusimama kando na kukuambia unabadilisha gia vibaya. Wengine watakuwa na vyeo, wengine watakuwa wanakupenda kama mimi. Wasikilize, usiwe na kiburi, labda siku hiyo ni kweli unabadilisha vibaya. Lakini ukishawasikiliza tandika gunia lako, ulale chini, uangalie mwenyewe. Ukikuta kosa ni lako, lirudishe mwanzo hata kama ni kufungua kila kitu na wenzako wameshaenda kulala. Ukikuta si lako, usikubali kubeba. Uliniambia "si mimi" ukiwa na udongo mdomoni. Hilo neno lishike vizuri, lilikuwa kweli.

Na usidhani nakufukuza kwa kukuachia kazi. Watu wa hapa wameshaanza kuniuliza nitaendelezaje kibanda bila wewe, na wengine wanasema msichana wa kuolewa ndiye anatumwa porini na baiskeli, ati nimepotoka. Nimewaambia waulize tena ukiwa kwenye timu. Kuna siku nilitaka ukae. Nilikuwa na sababu nzuri, zote zimenyooka kutoka kando. Sasa nataka uende. Nataka uende mpaka meno yanauma kwa kutaka, na nataka usirudi na lile lori.

Mikono yako itakuwa myeusi kama ya mwenye jina lako. Nilikuwa nimeapa isiwe hivyo. Nimefuta hicho kiapo. Yeye vidole vilipinda kwenye kahawa ya watu wengine. Wewe grisi hiyo ni ya baiskeli yako. Angekuona hapo nje angepiga kigelegele, na angenicheka mimi kwanza.

Sasa nasikia nini? Umefungua pedeli zote mbili. Kuna kitu kimeanguka kwenye saruji, kitu kidogo, kimebingirika. Unakitafuta. Sijui umekaa au umelala nyuma ya gurudumu, na shingo yangu inataka kunyooka hadi dirishani, nimeikatalia. Sasa unafunga. Unafunga polepole, vizuri, sikukufundisha kufunga hivyo, mimi ni mtu wa haraka. Unazungusha. Hapa jirani naye amefungulia redio yake ya injili kwa sauti yote, Mungu anisamehe, leo ningeizima na nyundo. Gia zinapanda. Naona midomo ya mama yako ikihesabu. Umefika kwenye ile kubwa na sijasikia kama ni tak au ni kwaya.

Umeigeuza, imesimama kwa magurudumu. Sasa geti limelia na wewe huna habari na mtu, umetoka nayo. Bado kuna mwanga, najua unakoenda: unashuka kuelekea mto Chania, halafu utageuka ukipande kile kilima kwa ile sproketi kubwa, umesimama kwenye pedeli, ujue mbichi na mbivu. Hukuniaga. Vizuri.

Mama yako ameuliza, "Imekubali?" Nimemwambia sijui, na ni kweli sijui. Ameacha chapati, ameenda kusimama mlangoni. Mimi sijaenda. Nakunja hii karatasi na kuitia kwenye begi kabla hujarudi. Ukirudi ukiiendesha, sawa. Ukirudi ukiisukuma, mama yako atakufungulia geti, utaipindua palepale, utaanza upya, na mimi sitatoka.

Baba yako,
Kariuki